Wake Watatu na Sharti Moja

Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walioingia Unyakyusa mwaka 1891 walikuja na sharti lisilopinda: mwenye wake wengi abaki na mmoja, ndipo abatizwe. Baba yangu mkubwa, mkulima wa mpunga hapa Kyela, alikuwa na watatu. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, kofia magotini, na wakati wa Meza ya Bwana alitoka nje taratibu. Mchungaji akimbembeleza, alijibu, "Nimfukuze yupi, na shamba lake alime nani?"

Nani hapo alikuwa na shingo ngumu? Angeweza kuhamia African National Church, lililoanzia Nyasaland miaka ya 1920 na kuwapokea wenye mitala. Hakutaka. Mimi naona yeye na mchungaji walikuwa waaminifu wote wawili, mmoja kwa kanuni, mwingine kwa wanawake aliowaahidi.

Ila nisiwaonee wamisionari. Enzi hizo ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, nao walioa mabinti wadogo huku vijana wakingoja. Sharti lingelegezwa, mabinti wale wangekimbilia kwa nani?

Ninachoshindwa kumeza ni ukali unaochagua watu. Mimi ni mzee wa kanisa, nakaa kwenye vikao. Binti akipata mimba tunamtenga wiki hiyohiyo. Tajiri wa kakao mwenye nyumba ndogo mjini tunamwachia aendeshe harambee ya bati.