Ardhi Inayoachwa: Swali la Maadili katika Kupanga Mtaa Mpya wa Bariadi

Mtaa mpya unapopangwa pembezoni mwa mji wa Bariadi, lipo swali moja ambalo mpima ardhi hawezi kulijibu kwa vifaa vyake: ni nani anayehesabiwa kuwa mkazi wa mahali hapo? Mchoro wa mipango miji huonyesha viwanja, barabara, shule, soko na maeneo ya wazi. Hauonyeshi wazee waliozikwa katika maboma ya zamani, mifugo inayopita kwenda kunywa maji, wala watoto ambao hawajazaliwa. Na swali hili halingoji. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na kati ya sensa ya mwaka huo na ile ya 2022 idadi ya watu wake ilipanda kutoka takriban milioni 1.58 hadi milioni 2.14. Mashamba ya pamba na mtama yaliyo karibu na mji yanageuka viwanja.

Wasukuma, wenyeji wa eneo hili, wana jibu la zamani kuhusu ardhi, nalo ni ngitili. Mvua zinapoanza, kaya au kijiji hufunga sehemu ya malisho na kuiacha nyasi na miti ikue bila kuguswa. Sehemu hiyo hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wapate kula. Zipo ngitili za kaya na zipo za jamii nzima, na anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini kwa kanuni ambazo wenyeji wamezitunga wenyewe.

Utaratibu huu ulikaribia kufa. Wakati wa ukoloni misitu mikubwa ya Usukuma ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o na kupanua kilimo cha pamba. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: kaya zilizokuwa zimetawanyika zilihamishwa na kupangwa kwa mistari, na ngitili zikabaki nyuma bila wenyewe. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizorejeshwa zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilivyokuwa bado hai chini ya ardhi vilichipua vilipoachwa.

Mwanafalsafa ana haki ya kupinga hapa. Ngitili, atasema, haiheshimu maumbile kwa ajili yake yenyewe. Inahifadhi chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni mali. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Anayefunga malisho akiwa na njaa ya ardhi anakubali kwamba nguvu ya kutumia si ruhusa ya kutumia, na kukubali huko ndiko mwanzo wa maadili yoyote ya mazingira. Tena matunda yake hayaishii kwa mwenye ng'ombe. Ndege hurudi, dawa za miti shamba hupatikana, na kuni zinakuwa karibu.

Suala la kuni linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu linagusa upande wa giza wa jamii. Miti ilipoisha Usukuma, akina mama wengi walipikia samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Moshi wake, mwaka hadi mwaka katika jiko lisilo na dirisha, huyafanya macho kuwa mekundu. Katika mikoa ya Usukuma macho mekundu ya kikongwe yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi, na wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo. Waliowashuku na kuwatenga walikuwa majirani zao. Kwa hiyo haiwezekani kusema tu kwamba mtaa mpya ujengwe juu ya umoja wa jamii, kana kwamba umoja ni wema wakati wote. Dagashida, mkutano wa wenyeji unaoamua makosa na adhabu, umelinda ngitili nyingi. Mkutano huohuo unaweza kumtenga mjane asiye na mtetezi. Mpango unaojali jamii ni ule unaohakikisha kwamba mtu dhaifu kuliko wote ana kiwanja chenye jina lake, jiko lisilomjaza moshi na sauti katika mkutano wa mtaa.

Madai ya waliotangulia ni magumu zaidi. Kwa desturi, mkuu wa kaya ya Kisukuma huzikwa katika boma lake, na masamva, mizimu ya ukoo, wana sehemu katika mambo ya walio hai. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliwaeleza wafu wanaokumbukwa kwa majina kuwa bado ni washiriki wa familia. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga sheria ya kuhamisha makaburi, inayoruhusu kaburi kuondolewa kwa manufaa ya umma, kwa taratibu na kwa heshima. Sheria hiyo inamaliza mgogoro wa ardhi, lakini haimalizi mgogoro wa dhamiri. Barabara ikiweza kupindishwa ili boma la zamani libaki kuwa eneo la wazi lenye miti yake, ni vema ipindishwe: eneo la wazi lenye historia lina watu wa kulitetea, na yale yasiyo na watetezi yamevamiwa katika miji mingi ya nchi hii.

Dini zilizoingia baadaye zinafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Fiqhi ya Kiislamu inatambua harimu, ukanda unaoachwa kuzunguka kisima au mto ili mtu mmoja asiwanyime wengine maji. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, aliyaita mazingira mali ya pamoja ya wanadamu wote, na kila mtu mwenye dhamana juu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa Bariadi, ambako mito hukauka na kurudi kwa ghafla, mita hizo 60 zingeweza kuwa ngitili ya mtaa: kufungwa masika, na kufunguliwa kiangazi kwa kukata nyasi na kuokota kuni.

Linalobaki ni nani atafunga na kufungua. Kijijini jibu lilijulikana, kwa kuwa wakazi walikuwa ndugu au majirani wa miaka mingi. Mtaa mpya utakuwa na Wanyantuzu, yaani Wasukuma wenyeji wa Bariadi, walimu na wauguzi waliohamishiwa kikazi, wafanyabiashara kutoka mikoa mingine, na wapangaji watakaokaa mwaka mmoja na kuondoka. Kanuni iliyotungwa na wenyeji peke yao itaonekana kwa wageni kuwa amri, kama Operesheni Vijiji ilivyoonekana kwa waliohamishwa. Kwa hiyo kanuni za eneo lililoachwa zitungwe na mkutano wa mtaa, wapangaji wakiwemo, kabla viwanja vinavyolizunguka havijauzwa, na zisomwe kwa kila anayekuja kununua.