Karatasi Mfukoni



Majuma machache kabla ya mitihani ya kidato cha nne, baba mmoja alinijia na sadaka ya Misa, mwanawe aombewe afaulu. Nilipokuwa nikiandika nia yake kitabuni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kununua karatasi ya maswali kabla ya siku yake ni dhambi kubwa au ndogo. Karatasi ilikuwamo mfukoni mwake tayari. Nikaweka kalamu chini.

Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa ameuza mbuzi wawili. “Padre,” akasema, “wenzake wote wanazo.”

Basi tutazame mtoto huyo anafundishwa nini. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake; na nafasi ya kidato cha tano ipatikanayo kwa wizi ni ya mtoto wa mama mwingine, aliyekesha akisoma kwa kibatari. Na huyu akifaulu, kesho ataketi penye meza ya hakimu au ya mganga, naye anajua tangu nyumbani kwamba kila mlango una bei yake.

Wako wasemao kwamba tabia njema ilitoka shuleni pale Serikali ilipozitwaa shule za misioni, kwa sheria ya mwaka 1969. Mimi sisadiki. Nimesoma seminari, na huko nako niliwaona wavulana wakiisema Katekisimu kwa ghibu, kisha wakichungulia daftari la jirani. Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba fadhila hukomaa kwa kutenda jema mara nyingi, mpaka liwe mazoea ya roho. Uovu nao hukua vivyo hivyo.

Tarehe 8 Desemba 1841, mjini Torino, mtunza sakristia alimpiga kijana maskini, Bartolomeo Garelli, kwa kuwa hakujua kutumikia Misa. Don Bosco akaagiza aitwe arudi, akamwita rafiki yake, akasali naye Salamu Maria, akaanza kumfundisha. Mwaka 1877 aliandika juu ya njia yake ya malezi: akili, dini na upendo, na mlezi akae kati ya vijana, hata uwanjani. Je, sisi twakaa kati yao? Mtoto arudishaye chenji yote ya dukani, nani amsifu? Na aletaye alama arobaini za jasho lake, huuona uso gani mlangoni?

Nilimwambia yule baba amwonyeshe mwanawe karatasi ile, akiri mbele yake kwamba alikosa, kisha waichome wote wawili. Akanyamaza kitambo kirefu.

“Na mbuzi wangu, Padre?”

Juu ya mbuzi sikuwa na jibu. Misa niliisoma Jumamosi iliyofuata. Yule kijana alikuja, akapiga magoti benchi la nyuma, kando ya baba yake.