Gunia Langu na Kiota cha Ndege

Wengi wenu mnanijua, nauza viazi pale soko la Wote. Leo tuulizane: mtu akilima shamba lake mwenyewe, anaweza kuwa amekosea? Na kama kuna kosa, ni la nani?

Viazi vyangu hutoka Kinangop, Nyandarua, uwanda wa zaidi ya mita 2,400, baridi ambayo sisi watu wa Makueni hatuijui. Mzee mmoja ninayenunua kwake alinionyesha ndege mdogo nyasini, kifua cha manjano chenye michirizi myeusi. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hula panzi na wadudu wengine, hujenga kiota chini kwenye mafungu ya nyasi, na duniani kote anapatikana nyanda za juu za Kenya tu. Nyasi zikilimwa, hana pa kukaa. Na nyasi nyingi za Kinangop zimo kwenye mashamba ya watu.

Nikamwambia, "Mzee, si ulime na hapa? Nitanunua zote."

Akanitazama. "Mama, imebaki hii ekari moja. Ungenilipa kila kilo, hata singefikiria kuilima."

Wapendwa, maneno yale yalinichoma. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mimi nilikuwa nalijaza, nalishonea kilemba juu, halafu nalipa bei ya gunia moja.

Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamlinda mama ndege kiotani. Sura ya 25 inakataza mawe mawili ya kupimia mfukoni. Nilizisoma kama amri mbili tofauti. Kumbe ninachomwibia mzee kwenye gunia, atakitafuta kwenye zile nyasi, na ndege ndiye atakayelipa.

Hata mchoma makaa wa Kitui tunamlaumu kwa kukata miti. Je, sisi tuliomshusha bei mpaka akaongeza tanuri la pili?

Siku hizi napima. Faida imepungua, sitawadanganya. Safari iliyopita nyasi zilikuwa bado zipo. Karo ikimbana, huenda mzee akalima, na sina haki ya kumhukumu. Ila asilime kwa sababu ya gunia langu.

Wiki hii, kabla hujamlaumu aliyelima, pima gunia lako kwanza. Amina.