Cha Bure Kina Thamani



Tangu nirudi kutoka Roma, vijana wananiuliza swali moja: "Frateri, kule inahitaji hela kiasi gani?" Nauli, tuseme ukweli, si ya kitoto, na mimi nililipiwa. Ila ukishafika, mwenye mfuko mwepesi anagundua mapema kwamba vitu vikubwa vya mji ule havina kiingilio.

Anza na maji. Mitaani kuna mabomba ya chuma ambayo Warumi huyaita nasoni, yaani "mapua makubwa". Yako zaidi ya 2,000, yanatiririka maji safi ya kunywa, na hakuna anayekudai senti. Unajaza chupa yako, unamkumbuka nabii Isaya, sura ya 55, anavyowaita wenye kiu wasio na fedha.

Kisha ingia Kanisa la Mtakatifu Luis wa Wafaransa. Ukutani kuna mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1600: wito wa Mathayo, mtoza ushuru. Kristo amenyoosha mkono na mwanga unaingia chumbani. Wengine mezani wamegeuka kumtazama, lakini wawili wameinamia sarafu, wala hawainui macho. Mwokozi yuko hatua chache tu, na wao wanahesabu!

Ukitembea dakika chache unafika Kanisa la Mtakatifu Augustino. Humo limo kaburi la Mtakatifu Monika, mama wa Kiafrika kutoka nchi ambayo leo ni Algeria. Alifariki Ostia mwaka 387, akiwa njiani kurudi nyumbani. Aliwaambia wanawe wasihangaike na mahali pa kumzika, ila wamkumbuke altareni. Unapiga magoti pale, unamwombea mama yako, na hakuna anayekuuliza tiketi.

Sasa hapa ndipo penye neno, wapendwa. Sisi tumezoea kuona kwamba kisicho na bei hakina thamani. Mechi ina tiketi, tunawahi. Misa haina kiingilio, tunafika wakati wa mahubiri. Kwenye falsafa tulisoma kwa Kant kwamba chenye bei unaweza kukibadilisha na kingine, lakini chenye hadhi hakina mbadala. Basi tujiulize: nini kitachukua nafasi ya Ekaristi? Nini kitachukua nafasi ya kusikia kwamba dhambi zako zimeondolewa? Vitu hivi ni bure kwetu kwa sababu vilishalipiwa Msalabani.

Na kupokea cha bure nako kunataka ujitoe. Katika karne ya 16, Mtakatifu Filippo Neri aliwatembeza watu makanisa saba ya Roma kwa miguu, kilomita kama 20, wakisali, wakiimba na kula pamoja njiani. Hela hawakuihitaji sana. Miguu na moyo, ndiyo.

Yupo mwingine, Mtakatifu Benedikto Yosefu Labre. Huyu alikuwa ombaomba. Alilala kwenye magofu ya Koloseo, akashinda makanisani mbele ya Sakramenti Kuu, na alichopewa kikizidi aliwagawia maskini wenzake. Alifariki mwaka 1783 akiwa na miaka 35, na leo mahujaji wanasali kwenye kaburi lake, katika Kanisa la Mama Maria wa Monti. Mtu asiye na kitu aliijua Roma kuliko watalii wote.

Hata leo maskini wanakaa kwenye milango ya makanisa yale. Ukitoka ndani umeshiba uzuri wa bure, unakutana nao uso kwa uso. Yesu aliwaagiza mitume watoe bure kama walivyopokea bure. Usipokuwa na sarafu, una salamu, una dakika tano za kusimama na kumsikiliza mtu.

Kijana mwenzangu, pengine nauli ya Roma hutaipata mwaka huu. Lakini tabernakulo ya parokia yako iko wazi kwako, na maskini wa mtaani kwako unamjua kwa jina. Wiki hii fanya hija hizo mbili kwa miguu: moja kwa Yesu aliye altareni, nyingine kwa Yesu aliye na njaa.

Ee Bwana, utuinue macho kutoka kwenye sarafu zetu, tukuone unapotuita. Amina.