"Sijaona" si "Hakuna"

Yako maneno mawili ambayo ndimi zetu huyachanganya kila siku: "sijaona" na "hakuna." La kwanza ni ushuhuda, la pili ni hukumu. Je, ni haki mtu kutoka katika la kwanza na kuingia katika la pili? Tulitazame swali hili kwa jambo lililotukia mwezini.

Kati ya mwaka 1969 na 1972 Wamarekani walishuka mwezini mara sita, wakarudi na mawe na udongo wa kilo 382. Wataalamu waliyakuta makavu, na kwa miaka mingi ilifundishwa ya kuwa mwezini hakuna maji. Lakini mawe hayo yaliokotwa wapi? Yaliokotwa mahali panapochomwa na jua. Ni kama mgeni ashukaye bandarini Kalundu mwezi wa Agosti, akaona vumbi barabarani, akaandika kwao ya kuwa milima ya Uvira haina chemchemi. Vumbi aliliona kweli, milima hakuipanda.

Karibu na ncha ya kusini ya mwezi kuna shimo liitwalo Cabeus, lenye upana wa kilomita 100 hivi. Sehemu ya sakafu yake haijapigwa na jua tangu zama na zama, na baridi yake yapita nyuzi 230 chini ya sifuri. Tarehe 9 Oktoba 2009, kwetu Uvira ikiwa saa saba na nusu mchana, shirika la NASA liliangusha humo kipande cha roketi cha kilo 2,300 hivi, kikienda mwendo wa kilomita 9,000 kwa saa. Chombo kiitwacho LCROSS kilikifuata nyuma kwa dakika nne, kikapima mwanga wa vumbi lililoruka, kisha nacho kikaanguka.

Watu wengi walikuwa wamekaa na darubini wakingoja wingu kubwa la vumbi. Hawakuona kitu. Wengine walisema mara moja: kazi imeharibika. Wataalamu walikaa na vipimo vyao zaidi ya mwezi mmoja, na tarehe 13 Novemba wakatangaza ya kuwa maji yamo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 ilionyesha kilo 155 hivi za mvuke na barafu ya maji katika vumbi lile, na katika udongo wa pale maji yapata 5.6 kwa mia. Nao wenyewe walikiri ya kuwa kipimo hicho chaweza kuzidi au kupungua karibu kwa nusu. Yalionekana pia mambo yasiyotazamiwa: zebaki, na hata dalili za fedha.

Basi, wenye darubini walikosa wapi? Hawakukosa kwa kusema "sijaona". Hilo lilikuwa kweli. Alikosa yule aliyeongeza, "kwa hiyo hakuna."

Mtu ataniuliza: "Mwalimu, basi tukubali kila uvumi, maana labda kuna jambo limefichika gizani?" La, sivyo. Yuko mwenye haki ya kusema "hakuna": ni yule aliyetafuta mahali kitu kilipopaswa kuwapo, kwa chombo kiwezacho kukionyesha. Mvuvi wetu wa ndagala hasemi ziwa ni tupu kwa sababu usiku ni mweusi. Huwasha taa kwanza, akangoja. Akikosa baada ya hapo, ana neno la kusema.

Sheria hii yatubana zaidi tunapomhukumu mtu. Mwezi haudhuriki kwa maneno yetu. Lakini mtoto anyamazaye darasani, akisha kuitwa mjinga, atakaa nyuma hata siku ya kuacha shule. Na katika nchi yetu, iliyojeruhiwa na vita tangu mwaka 1996, vijiji vizima vimehukumiwa na watu waliopita njiani tu: "Huko hakuna mtu mwema." Neno kama hilo hutangulia moto na panga. Aliyelisema aliingia nyumba ngapi? Alikula kwa nani?

Basi, kabla ya kusema "hakuna" juu ya jirani, yatupasa kujiuliza: nimetafuta wapi, na kwa taa gani? Asiye na jibu, imtoshe kusema "sijaona." Kusema hivyo si aibu, ni kweli, wala hakuna nyumba iliyochomwa kwa neno hilo.