Sitara na Shauri Wakati wa Talaka

Watu wa pwani tumelelewa katika adabu ya kuisitiri nyumba: mke akiulizwa hali hujibu kuwa ni njema, na mume aliyekesha barazani kwa ugomvi huwaamkia majirani kwa uso mkunjufu, kwa kuwa wote wawili wamefundishwa kwamba siri ya ndoa ni amana. Adabu hiyo ni tukufu, wala sitaki ipotee. Lakini huzaa swali zito kwa kila aliyefikwa na dhiki ya talaka: je, atafutaye shauri ndoa yake inapovunjika huwa ameihini amana, au huwa ametimiza wajibu?

Dini haikuliacha swali hili bila jawabu. Sura ya An-Nisaa, katika aya ya 35, yaagiza kwamba pakihofiwa mfarakano ateuliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, yaelekea huko huko, kwani isipokuwa kwa hali maalumu haimruhusu mtu kudai talaka mahakamani kabla Baraza la Usuluhishi la Ndoa halijathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha wawili hao. Desturi yetu nayo ilimpa mwari somo wa kumfunda kabla ya kuolewa. Basi mtu aliyefaa kumwingiza katika siri ya ndoa, kwa nini asifae siri hiyo inapomlemea?

Tazama pia jinsi tuipotezavyo eda. Siku karatasi ya talaka iandikwapo, mwanamke hufungasha nguo zake sandukuni, na kabla ya magharibi yuko kwao, ambako ghadhabu yake hupata mashabiki na ya mume hubaki na upweke. Ilhali Sura ya At-Talaaq imekataza mtalaka asitolewe nyumbani, wala asitoke, ila kwa uchafu ulio dhahiri, kwa kuwa huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya baadaye. Katika talaka rejea, muda huo ni mlango uliowekwa wazi makusudi ili shauri lipite.

Hata hivyo, shauri si kuunga tu kilichokatika. Amwambiaye mwanamke apigwaye kwamba avumilie, na kurudia neno hilo kila anapokuja na alama mpya mwilini, hakumnasihi bali amemdhulumu. Mshauri wa kweli ni amini, husikiliza pande zote mbili, na ndoa ikiwa imekwisha hana haya kusema kuwa imekwisha. Kisha huwafundisha kuachana kwa ihsani, mahari isiyolipwa ilipwe, matunzo yajulikane, na mtoto asitumwe kuchukua maneno makali kutoka nyumba ya baba kwenda nyumba ya mama.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitara iliwekwa kulinda heshima ya watu wawili, haikuwekwa ili waangamie kimya kimya. Aitangazaye siri yake sokoni ameivunja, na aipelekaye kwa amini mmoja ameitunza. Basi aliye katika dhiki hii na aende kwa mtu huyo kabla karatasi haijaandikwa. Na ikiwa imekwisha kuandikwa, na aende vivyo hivyo, maana kuachana nako kuna haki zake, nazo haziwezi kutimizwa na moyo uliojaa hasira peke yake.