Wizi Unaomnufaisha Mwenye Mali

Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani. Bila kumung'unya maneno aliwaambia kwamba wengi wao ni wezi, kwa kuwa walikuwa wakinakiliana programu ya kampuni yake, Microsoft, pasipo kulipa. Mwaka 1998, akizungumza mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, wimbo ulikuwa mwingine. Maadamu Wachina wataiba programu tu, alisema, afadhali waibe za Microsoft: watanogewa nazo, na namna ya kuwadai itapatikana huko mbele.

Kama mwenye mali anaona heri kuibiwa yeye kuliko jirani yake, je, ule ungali wizi?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Katika steshenari nyingi za Afrika Mashariki, Office ya Microsoft iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, ni jambo la kawaida, wala halifichwi. Mhudumu anapokea flashi, anafungua wasifu wa mwombaji kazi, ananyoosha jedwali lililopinda, anaprinti, anatoa kopi tatu. Ukimuuliza habari ya leseni atacheka. Huyohuyo akizidishiwa chenji atamkimbilia mteja barabarani amrudishie.

Utetezi wa kwanza ni kwamba hakuna aliyepungukiwa. Aliyeibiwa kuku analala bila kuku; aliyenakiliwa programu bado anayo. Hoja ina mvuto, lakini wanazuoni wameshaijibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye thamani, sheria inazilinda, na si halali kuzivamia.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: shida. Mwanateolojia Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliyebanwa na uhitaji mkubwa, asiye na njia nyingine, akichukua cha mwenzake ili aokoke hajaiba. Fiqhi nayo inaijua dharura, ila huipimia kipimo chake: ikiwepo njia ya halali, ruhusa inakwisha.

Na njia ya halali ipo. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua programu ya ofisi ya StarOffice kutoka kwa Wajerumani mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikauweka wazi msimbo wake ukawa OpenOffice. Mwaka 2010 wengi wa waliokuwa wakiijenga wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Ina Writer ya kuandikia, Calc ya hesabu na Impress ya mawasilisho. Kuipakua hakuhitaji zaidi ya bando, na kumpa rafiki nakala kunaruhusiwa na leseni yenyewe. Mwanafunzi anayesema hana uwezo wa kuinunua Word anasema kweli. Akisema kwa hiyo hana budi kuiiba, hapo Thoma hamsaidii.

Kwa Waswahili kisa hiki kina uchungu wake. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, bure kabisa. Haikushika. Sababu ni nyingi, lakini moja haisemwi vya kutosha: mtaani Office nayo ilikuwa bure. Silaha pekee ya programu huru mbele ya tajiri ni bei, na kraki iliipokonya silaha hiyo. Kwa hiyo mwizi hakumwangusha tajiri. Alimwangusha yule aliyekuja na zawadi.

Hata hivyo haitakuwa haki kumtwika mhudumu wa steshenari mzigo wote. Wasifu ulioandikwa Word kwa fonti ya Calibri ukifunguliwa katika LibreOffice huonyeshwa kwa Carlito, fonti iliyochongwa iwe na upana uleule. Ikikosekana, herufi zinatanuka, na namba za simu za wadhamini zinaangukia ukurasa wa pili peke yao. Mhasibu mwenye makro za Excel ana taabu kubwa zaidi, maana si zote zinazokubali katika Calc. Nalo tangazo la kazi linataka mtu anayejua Word na Excel, kwa majina hayohayo. Dharura ya namna hii haikuletwa na njaa. Imetengenezwa na mwajiri na ofisi ya serikali wanaodai faili la docx kutoka kwa mtu wasiyemlipia leseni, ilhali ODF, muundo wa faili unaotumiwa na LibreOffice, umekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na PDF hufunguka hata kwenye simu.

Ile namna ya kudai aliyoitabiri Gates nayo imepatikana. Tangu 2011 Microsoft imekuwa ikiikodisha Office kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Kodi ikikatika, programu za kwenye kompyuta zinakuacha usome na uprinti tu, kuhariri basi. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kwamba linazihamishia kompyuta za serikali zipatazo 30,000 kwenye LibreOffice. Huko hoja haikuwa wizi. Ilikuwa ni nani anayeshika ufunguo wa nyaraka za wananchi. Mwananchi wa huko anayeiandikia serikali yake hatalazimika kununua wala kukraki chochote.